Babu Aliyevushwa Bahari Akiwa na Miaka Tisa, na Ugonjwa Ambao Hakuna Aliyeutaja

Daktari wa mishipa ya fahamu huanza na swali jepesi: katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua hivi? Mgonjwa anamtaja baba yake, aliyeanza kupepesuka akiwa na miaka hamsini. Anawataja shangazi zake wawili, wazima hadi uzeeni. Akifika kwa babu anakwama. Babu aliingia Kanada mwaka 1904, ana miaka tisa, hakufuatana na mzazi wala ndugu, na mpaka anakufa hakuna aliyemsikia akisema habari za kwao. Daktari anaandika "haijulikani" na kugeuza ukurasa.

Mgonjwa huyu nimemtunga mimi, na tutakwenda naye hadi mwisho. Wa mfano wa babu yake, lakini, walikuwepo kweli, tena kwa maelfu. Mwaka 1869 Maria Rye alivusha kundi lake la kwanza la watoto kutoka Uingereza hadi Niagara-on-the-Lake, Ontario. Annie Macpherson alifuata mwaka 1870, na mwaka 1882 makao ya watoto maskini ya Thomas Barnardo yakaanza kusafirisha watoto kwa makundi makubwa. Hadi safari hizo zilipokoma, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wamepelekwa Kanada peke yake: wavulana mashambani, wasichana kwenye kazi za ndani. Australia nayo ilipokea maelfu. Shule ya shamba ya Kingsley Fairbridge ilifunguliwa Pinjarra mwaka 1912, na upelekaji wa watoto huko uliendelea hadi miaka ya 1960.

Jambo ambalo wajukuu wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba wengi wa watoto hao hawakuwa yatima. Walikuwa na mama, au baba, au wote wawili, ila mzazi alikuwa mjane, hana kazi, yuko gerezani au ni mgonjwa. Hilo neno la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Tumezoea kuitenga historia ya ukoo na historia ya maradhi, ya kwanza tukawaachia wazee wenye kupenda nyaraka, ya pili tukawaachia madaktari. Kwa mtoto aliyesafirishwa peke yake, mara nyingi hizo ni habari moja. Ugonjwa uliomlaza mama yake huenda ndio uliompandisha yeye melini, na huenda ndio huohuo alioubeba mwilini mwake.

Kwa nini babu alinyamaza

Wengine walinyamaza kwa sababu walikuwa wadogo mno kukumbuka. Lakini ipo sababu nyingine. Watoto hawa walipokelewa kama mikono ya kazi, si kama wana. Mwaka 1875 mkaguzi wa serikali ya Uingereza, Andrew Doyle, alirudi kutoka Kanada na ripoti iliyosema wazi kwamba wakishafikishwa mashambani hakuna anayewafuatilia ipasavyo. Ilichukua karibu miaka 50 mingine, hadi ujumbe ulioongozwa na Margaret Bondfield mwaka 1924, ndipo Kanada ikafunga mlango kwa watoto wa chini ya miaka 14 wasiofuatana na wazazi.

Katikati ya hapo palivuma hofu ya damu mbaya. Madaktari wenye majina, akiwemo daktari wa magonjwa ya akili Charles Kirk Clarke wa Toronto, walipiga kelele kwamba Uingereza inawatupia watoto wenye kasoro za kurithi. Sasa mfikirie kijana wa miaka kumi na minne katika shamba la watu, anajua mama yake alifia hospitali ya wenye wazimu, na magazeti yanasema damu ya watu wa namna yake inachafua nchi. Angesema? Akajifunza lafudhi ya kienyeji, akaoa, akafunga mdomo. Kumlaumu leo kwa kuficha ni kumwonea.

Australia mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana huko wapo walioambiwa wazazi wao wamekufa ilhali wako hai. Mwaka 1986 Margaret Humphreys, mfanyakazi wa ustawi wa jamii mjini Nottingham, alipata barua ya mwanamke aliyesema alipelekwa Australia akiwa na miaka minne, naye anataka kujua kwao. Mwaka uliofuata Humphreys alianzisha shirika la Child Migrants Trust kwa ajili ya kuwaunganisha watu kama huyo na familia zao. Serikali ya Australia iliomba radhi Novemba 2009, ya Uingereza Februari 2010, na mwaka 2019 Uingereza ikaanza kumlipa kila aliyesafirishwa na bado yu hai pauni 20,000. Fedha hizo haziwezi kujaza fomu ya daktari.

Ugonjwa wenye subira

Turudi kwa mgonjwa wetu. Vidole vyake vinachezacheza vyenyewe, hasira zimekuwa karibu, na karani aliyekuwa hodari anasahau hesabu nyepesi. Daktari anashuku ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo taratibu.

Jina limetokana na George Huntington, daktari kijana aliyeuandika mwaka 1872. Alikuwa na bahati ambayo wengi hawana: baba yake na babu yake walikuwa madaktari palepale East Hampton, kisiwa cha Long Island huko Marekani, na kwa pamoja walikuwa wameziona familia zilezile kizazi baada ya kizazi. Yaani yeye alikuwa na kile hasa alichonyimwa mjukuu wa mtoto mhamiaji, kumbukumbu isiyokatika. Ndiyo maana aliweza kueleza kwamba mtoto akiishi maisha yake yote bila kuugua, uzi umekatika, na wajukuu wamesalimika.

Miaka 100 na zaidi baadaye sayansi ilieleza kwa nini. Mwaka 1983 watafiti, wakitumia damu ya familia kubwa za kandokando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, walipata kwamba jeni husika, yaani kipande cha DNA kinachorithiwa, iko kwenye kromosomu namba 4, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana. Ndani yake kuna herufi tatu za DNA, C-A-G, zinazojirudia kama mtu mwenye kigugumizi. Zikijirudia mara 26 au pungufu, hakuna neno. Zikifika 40 na kuendelea, mtu akijaaliwa umri wa kutosha ataugua. Kati ya 36 na 39 wengine huugua na wengine husalimika. Kutoka 27 hadi 35 mwenyewe haugui, ila kigugumizi chaweza kurefuka kinapopita kwa mtoto, hasa kikitoka kwa baba.

Nakala moja mbovu inatosha. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, na humpa mtoto moja tu. Kwa hiyo kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi, na nusu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Shangazi wawili kusalimika hakukumwongezea baba hatari, wala kuugua kwake hakukuwa kinga kwao.

Fumbo limo katika umri. Kwa kawaida dalili huanza kati ya miaka 30 na 50, wakati mtu ameshazaa. Babu wa mfano wetu alianguka kutoka dari ya ghala la nyasi mwaka 1931, akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 36. Ukoo mzima unamkumbuka kama mtu mwenye afya ya farasi, na hawaongopi. Basi mtu akitazama juujuu atasema ugonjwa umeruka kizazi, au umeanzia kwa baba. Haukuruka. Kifo kiliwahi kabla yake. Ile kanuni ya uzi kukatika inamhusu aliyeishi hadi uzeeni bila dalili. Aliyekufa kijana hathibitishi chochote.

Kama kipimo kipo, karatasi za nini?

Hili ni swali la haki. Tangu 1993 chupa moja ya damu inamaliza ubishi, iwe babu anajulikana au la. Lakini kipimo hakijiagizi. Lazima kwanza mtu aukumbuke ugonjwa huo, na kinachomkumbusha daktari aghalabu ni ukoo. Baba wa mgonjwa wetu alikufa mwaka 1983, mwaka uleule kromosomu namba 4 ilipotajwa, na daktari wake aliandika Parkinson, ugonjwa mwingine unaovuruga mwendo, kwa sababu hakuwa na la kumfanya afikirie vingine. Tena si magonjwa yote ya kurithi yana jeni moja na jibu moja. Moyo, figo na saratani nyingi huhitaji daktari aone umbo la ukoo ndipo ajue apime nini.

Namwambia kila anayeanza kazi hii: usitafute jina la ugonjwa, tafuta umbo lake. Nani aliugua, akiwa na umri gani, aliyezaliwa naye alikuwaje, mzazi yupi. Majina yaliyomo kwenye karatasi za zamani yatakupoteza.

Mgonjwa wetu anaanzia Kanada, anarudi nyuma. Hifadhi ya taifa, Library and Archives Canada, ina orodha ya watoto hawa iliyotokana na daftari za abiria, na humo anampata babu: jina, umri, meli, kundi. Mstari mmoja tu. Sensa ya 1911 inamwonyesha shambani, ameandikwa mtumishi katika nyumba isiyo ya jina lake. Kisha vinakuja vita. Maelfu ya wavulana hawa walijiunga na jeshi la Kanada katika Vita vya Kwanza, na fomu ya kujiunga ilikuwa na swali ambalo bwana shamba hakuwahi kuwauliza: ndugu yako wa karibu ni nani, na anaishi wapi? Mafaili ya askari hao yamewekwa mtandaoni. Kwenye la babu, mwaka 1915, kwa mwandiko wa karani wa jeshi, limeandikwa jina la dada na mtaa wa Liverpool. Mtu aliyewanyima wanawe jina hilo maisha yake yote alimpa karani asiyemjua, kwa sababu huenda angekufa.

Hapo mlango umefunguka. Faili lenye thamani kuliko yote, hata hivyo, ni la makao yaliyompeleka. Barnardo's bado inayo kumbukumbu zake, na wazao wanaweza kuomba. Ndani mara nyingi mna picha aliyopigwa siku ya kupokelewa, na maelezo ya kwa nini aliletwa: baba alifanya kazi gani, mama yuko wapi, nani wengine walibaki. Watu huomba faili kwa ajili ya picha. Mimi ningesoma kwanza maelezo. Kwa mfano wetu yamesema baba amekufa kwa kifua, mama yuko hospitali ya wenye wazimu, hatarajiwi kupona.

Cheti cha kifo cha mama kinapatikana, maana England na Wales zimeandikisha vizazi na vifo tangu Julai 1837. Scotland ilichelewa hadi 1855 lakini ikafidia, kwa kuwa cheti cha kifo cha huko hutaja wazazi wa marehemu wote wawili, na hivyo kinakupandisha kizazi kizima kwa malipo ya karatasi moja. Kama mama alilazwa, rejista ya wagonjwa wa akili ya kuanzia 1846 iko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, London, nayo itakuambia hospitali gani na tarehe gani. Daftari lenye maelezo ya ugonjwa wenyewe, likiwa limesalimika, kwa kawaida liko kwenye hifadhi ya eneo husika, na mengi hufungwa kwa miaka 100. Kwa mtu aliyelazwa 1902, muda huo umeshapita.

Maneno yanayodanganya

Sasa chukua karatasi mbili tulizonazo. Ya baba wa mvulana imeandikwa phthisis. Hicho ni kifua kikuu. Watu wa zama hizo waliona kikipita nyumba kwa nyumba, baba kisha mwana, wakaamini ni cha damu. Machi 1882 Robert Koch alionyesha ni kijidudu. Basi ukoo wenye vifo sita vya phthisis haukurithishana jeni, uliishi chumba kimoja chenye unyevu. Weka pembeni.

Ya mama imeandikwa general paralysis. Hapa ndipo wengi huteleza. Kwa maana yake hasa, hilo lilikuwa jina la wazimu unaoletwa na kaswende iliyofika ubongoni, jambo lililothibitishwa mwaka 1913 vijidudu vyake vilipoonekana kwenye ubongo wa marehemu. Si la kurithi. Lakini mwaka 1902 daktari hakuwa na kipimo cha damu. Aliona mtu wa makamo asiyeweza kutembea sawasawa, anayepayuka, anayezidi kudhoofu, akachagua neno lililokuwa karibu. Mwenye Huntington angeangukia humohumo, au kwenye "wazimu" mtupu, au kwenye ulevi, kwa vile mwendo wake ni wa mtu aliyekunywa. Mwimbaji Woody Guthrie, aliyefariki kwa ugonjwa huu mwaka 1967, naye alidhaniwa mlevi, na mama yake aliishia hospitali ya magonjwa ya akili huko Norman, Oklahoma.

Kwa hiyo cheti hakitoshi, daftari la hospitali ndilo litakaloamua. Maneno ya kutafuta humo hayana utaalamu wowote: mikono haitulii, uso unakunjamana, hudondosha vyombo, hali kwa haraka bila kukabwa, hutembea kama mlevi ila hanywi. Halafu kile kimstari ambacho wauguzi walikijaza bila kujua kinamhusu nani: je, kuna wazimu katika familia? Kwa mama wa mfano wetu wamejibu "baba yake pia". Maneno matatu, yaliyokaa kabatini miaka mia na ushei.

Umri nao unasema. Mama alilazwa akiwa na miaka 37. Mwanawe alikufa na 36.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kila mama aliyelazwa alikuwa na Huntington. Ni ugonjwa adimu, na wazimu wa karne ile ulikuwa na mizizi mingi, ikiwemo njaa na uzazi. Ipo pia mirathi ya kimya zaidi ambayo inawahusu wazao wengi wa Waingereza na Waairishi: ugonjwa wa mwili kulimbikiza madini ya chuma (haemochromatosis). Huo unahitaji nakala mbili mbovu, kwa hiyo mama na baba wanaweza kuwa wazima kabisa, na katika Ulaya ya kaskazini mtu mmoja katika kumi hivi anabeba nakala moja. Kwenye cheti cha zamani utasomeka kama ini lililoharibika, na ukoo utabaki na hadithi ya babu mlevi ambaye labda hakuonja pombe. Wenye ugonjwa huo hutibiwa kwa kutolewa damu mara kwa mara, na wakiwahi huishi kama watu wengine. Hapa kujua ni faida tupu. Kwenye Huntington si hivyo.

DNA ya kutafuta ndugu

Ikiwa karatasi zimekwisha, hasa pale nafasi ya baba kwenye cheti cha kuzaliwa imeachwa tupu, watu hukimbilia vipimo vya mate vinavyouzwa mtandaoni. Vinasaidia kweli. Binamu wa kwanza hushiriki takriban asilimia 12.5 ya DNA, wa pili kama asilimia 3, kwa hiyo jina geni likitokea na kiwango hicho unajua utafute wazee wa kizazi kipi. Vitukuu wa yule dada wa Liverpool wanaweza kujitokeza hivyo, hata kama anwani ya 1915 imeshabomolewa.

Ila kipimo cha kutafuta ndugu si kipimo cha hospitali. Kukosa kukuambia habari za ugonjwa hakumaanishi huna. Kigugumizi cha CAG huhesabiwa kwa njia yake maalumu, na majibu yake hutolewa mbele ya mshauri wa masuala ya vinasaba, si kwa barua pepe usiku wa manane.

Ushauri huo unahitajika kwa sababu jibu la mmoja linaweza kuwa jibu la wawili. Mgonjwa wetu akithibitishwa, watoto wake wana nusu kwa nusu, na wajukuu robo. Mjukuu mmoja akienda kupimwa kabla ya mzazi wake na kukutwa nayo, amemtangazia mzazi jambo ambalo huenda hakutaka kulijua. Na hiyo haki ya kutojua si maneno ya adabu tu: kati ya watu walio hatarini na wanaoweza kupimwa, walio wengi huchagua kutopimwa. Dawa ya kuusimamisha ugonjwa haipo bado, na mtu mwenye miaka 25 ana haki ya kuishi bila kalenda ukutani.

Kuna na upande wa bima. Kanada ilipitisha sheria mwaka 2017 inayokataza kumlazimisha mtu apimwe jeni au aonyeshe majibu ili apate huduma au mkataba, na Mahakama ya Juu ya nchi ikaithibitisha mwaka 2020. Uingereza imefuata njia ya makubaliano na makampuni, na humo Huntington ndio ugonjwa pekee ambao majibu ya kipimo cha ubashiri, kinachofanywa kabla ya dalili, yanaweza kuulizwa, tena kwa bima ya maisha inayozidi pauni 500,000 tu.

Inabaki barua ya Liverpool. Ukimpata kitukuu wa dada, usimwandikie ugonjwa kwenye barua ya kwanza. Yeye anaweza kuwa alishazika watu watatu na anajua kuliko wewe, au hajui lolote na ana mimba. Mtumie picha ya mvulana. Mwambie wewe ni nani, uliza kama wangependa kujua zaidi, na useme kwamba zaidi hiyo inagusa afya. Kisha umwache achague.

Na siku ya kurudi kwa daktari, chukua karatasi nyeupe uchore ukoo jinsi wao wanavyouchora: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari wa kukata kwa aliyekufa, na umri pembeni. Duara la mama aliyelazwa linapakwa wino. Mraba wa baba yako pia. Wa babu haupakwi, maana hakuugua, wala hauachwi mtupu, maana ni yeye aliyeupitisha. Tia alama ndogo katikati yake, na ubavuni uandike: 36, alianguka.